Jedwali la marudio: Somo la hesabu kwa wenye maduka ya dawa na zahanati

Neno takwimu huwaogofya watu wengi. Wakilisikia hukumbuka somo la hesabu la shule ya upili na mtihani ambao wangependa kuusahau. Hata hivyo, hakuna siku inayopita kabla ya mwenye duka la dawa au zahanati ya kibinafsi kuandika takwimu. Kila anapotia daftarini kwamba leo wamekuja wagonjwa 14, au kwamba zimetoka pakiti 6 za ORS, ameandika takwimu. Shida ni kwamba nambari hizo aghalabu hubaki zimelala daftarini hadi panya wazile.

Leo, mpenzi msomaji, tutaziamsha. Tutajifunza jinsi ya kuzichukua nambari za biashara na kuzipanga katika kile ambacho wataalamu hukiita jedwali la mgawanyo wa marudio. Jina ni refu lakini kazi yenyewe ni nyepesi. Biro, rula na karatasi vinatosha.

Huenda ukauliza somo hili linatafuta nini katika ukurasa wa afya. Jibu ni hili. Mama anafika dukani saa kumi na mbili jioni, mgongoni amebeba mtoto ambaye amekuwa akihara tangu asubuhi. Anaomba pakiti za ORS, yaani ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji yaliyopotea mwilini. Anaambiwa zimeisha, aje kesho. Mtoto mchanga anayehara na kutapika anaweza kupungukiwa sana na maji kwa muda wa saa chache tu. Kwa mtoto kama huyo, kesho ni mbali.

Mwenye duka huyo si mtu mbaya wala si mzembe. Alichukua daftari lake, akajumlisha, akagawanya, akapata kwamba kwa wastani watu huhitaji pakiti 8 kwa siku. Akaweka 10 kila asubuhi ili awe na akiba. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Alichokosa ni kujua kwamba wastani haukuwa kipimo cha kumwambia aweke pakiti ngapi. Jedwali la marudio lingemwambia.

HESABU ILIYOANZIA DUKANI

Waama, elimu hii haikutoka kwa maprofesa. Mmoja wa waasisi wake alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini London, jina lake John Graunt. Wakati huo mji wa London ulikuwa ukitoa orodha ya vifo kila wiki, na watu wengi waliitazama tu kujua kama tauni imezidi au imepungua. Graunt alizikusanya orodha za miaka mingi, akazipanga kwa aina ya ugonjwa na kwa mwaka, kisha akahesabu. Mwaka wa 1662 alichapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Miongoni mwa mambo mengine, alionyesha kwamba wavulana wanaozaliwa huwazidi wasichana kwa idadi ndogo, jambo ambalo bado ni kweli. Mwenyewe alikiri kwamba alichotumia ni hesabu ya dukani.

Hapa kwetu nchini Kenya, kazi hiyohiyo hufanywa kila siku katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Wagonjwa walio chini ya miaka 5 huandikwa katika rejista ya MOH 204A, na waliozidi umri huo katika 204B. Kisha mhudumu hujaza fomu ya MOH 705, akihesabu ni wangapi walikuwa na malaria, wangapi kuhara, wangapi nimonia. Fomu hiyo ni jedwali la marudio. Mwenye duka la dawa pale sokoni anaweza kujitengenezea lake.

HATUA YA KWANZA: KUSANYA NAMBARI ZA KWELI

Jedwali haliwezi kuwa bora kuliko daftari lililolizaa. Kwa hivyo tuanze na daftari.

Kosa ambalo ni la kawaida mno ni kuandika mauzo peke yake. Tuseme ulikuwa na pakiti 10, ukaziuza zote kufikia saa nane, kisha wakaja watu wengine sita ukawarudisha mikono mitupu. Daftari la mauzo litaonyesha 10. Litakudanganya kwamba siku hiyo 10 zilitosha, hali hazikutosha. Andika zilizoombwa, si zilizouzwa tu. Kila unapomrudisha mteja, weka alama katika ukurasa wa mwisho wa daftari, ujumlishe jioni.

Jambo la pili: siku ambayo hakuna aliyeomba, andika 0. Siku ambayo duka lilifungwa, piga mstari. Sufuri na kufunga duka si kitu kimoja.

Jambo la tatu: kwa kazi hii huhitaji majina ya wagonjwa. Karatasi unayofanyia hesabu inaweza kuonwa na yeyote, na siri ya mgonjwa haifai kutembea nayo.

Sasa tuchukue mfano. Hizi ni nambari nilizozitunga kwa ajili ya somo hili. Tuchukulie kwamba duka la dawa lililo kando ya soko limeandika pakiti za ORS zilizoombwa kila siku kwa siku 40 za kazi. Tunazisoma kutoka kushoto kwenda kulia, siku 8 kwa kila mstari:

4, 6, 3, 7, 5, 8, 2, 6
8, 5, 4, 11, 6, 3, 7, 5
14, 6, 4, 8, 20, 5, 7, 9
3, 6, 18, 9, 5, 4, 27, 8
7, 16, 5, 6, 6, 24, 9, 4

Zijumlishe utapata 320. Gawanya kwa 40, utapata 8. Huo ndio wastani aliokuwa nao mwenye duka wetu. Zitazame tena nambari hizo zikiwa hivi hivi. Zinakuambia nini? Si rahisi kusema. Macho hupotea. Hiyo ndiyo sababu ya kuzipanga.

HATUA YA PILI: TAFUTA NDOGO NA KUBWA

Pitisha kidole mstari kwa mstari. Nambari ndogo kuliko zote ni 2. Iliyo kubwa kuliko zote ni 27. Toa 2 kutoka 27, unabaki na 25. Huo ndio upana wa nambari zako, yaani umbali kati ya siku tulivu kabisa na siku yenye shughuli kabisa.

Simama hapo kidogo. Tofauti hiyo peke yake ni habari. Duka hili lina siku ambayo zilihitajika pakiti 2 na siku ambayo zilihitajika 27, na zote mbili zimefichwa ndani ya wastani wa 8.

HATUA YA TATU: AMUA IDADI YA MAKUNDI

Hatuwezi kuwa na mstari mmoja wa jedwali kwa kila nambari, kwani litakuwa refu na lisilosomeka. Tunazitia katika makundi. Swali ni makundi mangapi.

Ukiweka makundi machache mno, kwa mfano mawili, utaficha kila kitu. Ukiweka mengi mno, kwa mfano ishirini, mengi yatabaki matupu na utarudi ulikoanzia. Kwa nambari za biashara ndogo, makundi kati ya 5 na 10 kwa kawaida hutosha.

Kuna njia rahisi ya kukisia. Tafuta nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unakaribia idadi ya siku zako. Sisi tuna siku 40. Sita mara sita ni 36, saba mara saba ni 49. Kwa hivyo 6 yatosha. Mwaka wa 1926 Mmarekani Herbert Sturges alitoa kanuni yake inayotumia logarithimu, na kwa siku 40 nayo hutoa takriban 6. Lakini usiifanye kanuni kuwa sheria ya Musa. Ni mwongozo tu.

Sasa upana wa kila kundi. Kutoka 2 hadi 27 kuna nambari 26. Gawanya kwa 6 unapata 4 na sehemu. Daima panda juu, usishuke, la sivyo nambari za mwisho zitakosa pa kukaa. Kwa hivyo kila kundi litachukua nambari 5. Na kwa kuwa 5 ni rahisi kuhesabu, tuanzie 0: 0 hadi 4, 5 hadi 9, 10 hadi 14, 15 hadi 19, 20 hadi 24, 25 hadi 29.

HATUA YA NNE: LINDA MIPAKA

Hapa ndipo wengi hukwama. Utakuta mtu ameandika makundi yake hivi: 0 hadi 5, 5 hadi 10, 10 hadi 15. Je, siku iliyohitaji pakiti 5 itaingia wapi? Katika kundi la kwanza au la pili? Leo ataiweka hapa, kesho ataiweka kule, na huenda akaihesabu mara mbili. Kanuni ni hii: kila nambari iwe na nyumba moja, na moja tu.

Katika udaktari jambo hili si la kupendeza macho. Chukua dawa ya malaria iitwayo AL. Vidonge vya kila mara ya kumeza hutegemea uzito wa mgonjwa. Kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1. Kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2. Kuanzia 25 hadi chini ya 35 ni vidonge 3. Kilo 35 na kuendelea ni vidonge 4. Dozi humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na ndiyo maana pakiti zake huwa za vidonge 6, 12, 18 na 24. Mtoto wa kilo 15 kamili hupata vidonge 2, hakuna ubishi, kwa sababu waliopanga makundi walisema wazi mpaka uko upande gani. Kama wangeandika "5 hadi 15" na "15 hadi 25", mtoto huyo angepewa nusu ya dozi na muuguzi mmoja, na dozi kamili na mwingine.

Tazama pia kwamba kundi la mwisho halina mwisho, kwani linasema "35 na kuendelea". Inaruhusiwa. Lakini katika jedwali la biashara, kundi lililo wazi namna hiyo huficha siku zilizo nzito zaidi, ambazo ndizo tunazozitafuta. Funga makundi yako ukiweza.

HATUA YA TANO: PIGA VIJITI

Chora safu tatu katika karatasi. Ya kwanza iandike makundi, ya pili ni ya vijiti, ya tatu ni ya jumla. Kisha anza na nambari ya kwanza daftarini, ambayo ni 4. Piga kijiti kimoja katika kundi la 0 hadi 4. Nambari inayofuata ni 6, piga kijiti katika kundi la 5 hadi 9. Endelea vivyo hivyo. Kila unapofika kijiti cha tano, kipige kikate vile vinne kwa mshazari, kama wanavyofanya makarani wa kura, ili ujumlishe kwa tano tano.

Kila nambari unayoipitia, iweke alama ndogo ya biro daftarini. Usijaribu kutafuta kwanza nambari zote za kundi moja, halafu urudi kutafuta za kundi la pili. Ukifanya hivyo utaruka nyingine bila kujua. Pita mara moja tu, kwa utaratibu.

Ukimaliza, hesabu vijiti vya kila kundi. Idadi hiyo ndiyo marudio, yaani ni mara ngapi jambo limetukia. Kisha jumlisha marudio yote. Lazima yawe 40, kwa kuwa siku zilikuwa 40. Yakiwa 39 au 41, usiendelee. Rudi nyuma utafute kosa.

HATUA YA SITA: ASILIMIA NA MALIMBIKIZO

Jedwali letu sasa liko hivi:

| Pakiti zilizoombwa | Idadi ya siku | Asilimia | Siku zilizolimbikizwa |
|---|---|---|---|
| 0–4 | 9 | 22.5 | 9 |
| 5–9 | 24 | 60 | 33 |
| 10–14 | 2 | 5 | 35 |
| 15–19 | 2 | 5 | 37 |
| 20–24 | 2 | 5 | 39 |
| 25–29 | 1 | 2.5 | 40 |
| Jumla | 40 | 100 | |

Safu ya asilimia hupatikana kwa kugawanya siku za kundi kwa 40 na kuzidisha kwa 100. Faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha duka lako lenye siku 40 na la mwenzako mwenye siku 65, bila idadi ya siku kuwachanganya.

Safu ya mwisho hupatikana kwa kujumlisha ukishuka: 9, kisha 9 na 24 ni 33, kisha 33 na 2 ni 35, na kuendelea. Hii ndiyo safu ninayoipenda kuliko zote, kwani hujibu swali la mwenye duka moja kwa moja: nikiwa na pakiti kadha, zitanitosha siku ngapi?

JEDWALI LASEMAJE?

Sasa tusome. Siku 24 kati ya 40, yaani asilimia 60, ziko katika kundi moja la 5 hadi 9. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya duka hili. Halafu kuna mkia mrefu unaoelekea juu: siku 7 zilizozidi pakiti 9, na mojawapo ilifika 27.

Ukizipanga nambari zote kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati kabisa ni 6. Nambari iliyojirudia mara nyingi zaidi ni 6 pia. Lakini wastani ni 8. Kwa nini wastani umepanda? Ni kwa sababu zile siku chache nzito zimeuvuta. Na bado haukupanda vya kutosha kukuonya juu yake. Wastani umekaa mahali ambapo hauelezi siku ya kawaida wala siku ya dharura.

Rudi kwa mwenye duka aliyeweka pakiti 10 kila asubuhi. Zilimtosha siku 33. Siku 7 zilizobaki hazikumtosha: ziliombwa 11, 14, 16, 18, 20, 24 na 27. Toa 10 kutoka kwa kila mojawapo, kisha ujumlishe upungufu. Utapata pakiti 60 ambazo watu waliziomba wakazikosa. Ikiwa kila mzazi alitaka pakiti 2, hao ni wazazi 30 waliorudi nyumbani mikono mitupu. Kwa mfanyabiashara ni karibu asilimia 19 ya pakiti zote zilizoombwa, mauzo yaliyompita. Kwa daktari ni jambo zito zaidi, kwa sababu siku ambayo watoto wengi wanahara ndiyo siku ambayo dawa inahitajika zaidi, na ndiyo siku iliyokosekana.

AWEKE NGAPI BASI?

Soma safu ya malimbikizo. Akiweka 19, zitamtosha siku 37. Akiweka 24, zitamtosha siku 39 kati ya 40. Akiweka 30, zitamtosha siku zote zilizo daftarini, ingawa hakuna ajuaye kama mwezi ujao hautaleta siku ya 35. Jedwali husimulia yaliyopita. Lisichukuliwe kuwa utabiri wa mganga.

Kuchagua kati ya 19, 24 na 30 si kazi ya jedwali. Ni kazi ya akili yako, ukipima hasara ya pande mbili: hasara ya kubakisha na hasara ya kukosa. Pakiti ya ORS ni ya bei nafuu, haihitaji jokofu, na hukaa muda mrefu kabla ya tarehe yake kupita. Ukibakisha, unaiuza kesho. Ukikosa, mtoto anaweza kudhurika. Kwa bidhaa kama hiyo, lenga mkia wa jedwali, usilenge katikati.

Bidhaa nyingine si hivyo. Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ni ghali. Huwezi kuijaza tu kwa kuhofia siku moja nzito. Hapo utatazama jedwali lake, ujue wateja wako wa kila mara, na upatane na duka kubwa la jirani au hospitali iliyo karibu ili mkopeshane siku ya dharura.

Isitoshe, kumbuka mzunguko wa kununua. Ikiwa huleta bidhaa kila baada ya siku tatu, jedwali la siku mojamoja halikufai. Jumlisha nambari za siku tatu tatu, kisha utengeneze jedwali la majumla hayo.

JEDWALI LINAPOFICHA JAMBO

Kuna kitu kimoja ambacho jedwali la marudio hukitupa: mpangilio wa siku. Likishakamilika, hujui tena siku ya pakiti 27 ilikuja lini. Kwa hivyo usitupe daftari.

Turudi kwa nambari zetu. Katika siku 20 za kwanza, ziliombwa pakiti 122. Katika siku 20 za mwisho, ziliombwa 198. Kati ya zile siku 7 nzito, 2 tu zilitokea katika nusu ya kwanza, na 5 katika nusu ya pili. Hapa hatuzungumzii bahati nasibu ya siku moja moja tena. Kuna kitu kimebadilika mtaani. Pengine mvua imeanza na vyoo vimefurika. Pengine bomba limepasuka na watu wanachota maji mtoni. Pengine ni mwanzo wa kipindupindu.

Mwenye duka la dawa huweza kuliona jambo hilo kabla ya hospitali, kwa kuwa watu wengi huja dukani kwanza. Ukiona mkia wa jedwali lako unaanza kunenepa, usisubiri. Mwarifu afisa wa afya ya umma wa eneo lako, au mhudumu wa afya ya jamii aliye kijijini. Kipindupindu ni miongoni mwa magonjwa ambayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yanataka yaripotiwe, na kila siku inayopita bila ripoti huongeza wagonjwa.

ZOEZI LA NYUMBANI

Jaribu mwenyewe. Zahanati moja ya mfano imepima dakika ambazo wagonjwa 20 walingoja kabla ya kumwona daktari:

12, 35, 8, 20, 47, 15, 22, 18, 31, 10
25, 19, 55, 14, 28, 16, 40, 21, 9, 17

Tumia makundi ya 0 hadi 9, 10 hadi 19, na kuendelea hadi 50 hadi 59. Piga vijiti kabla ya kusoma jibu.

Jibu: marudio ni 2, 8, 5, 2, 2 na 1, jumla 20. Wagonjwa 5 kati ya 20, yaani asilimia 25, walingoja nusu saa au zaidi. Sasa jiulize swali ambalo jedwali haliwezi kujibu: je, miongoni mwa hao watano kulikuwa na mtoto mwenye homa kali au mama mjamzito? Kama zahanati haina mtu wa kuwatazama wagonjwa mlangoni na kuwatanguliza walio hatarini, foleni huwapanga kwa saa ya kufika peke yake. Ugonjwa haupangi foleni.

NA KAMA ORS IMEISHA KWELI?

Hata mwenye jedwali zuri huishiwa siku moja. Yanapotokea hayo, usimwambie mama aje kesho kisha ukanyamaza. Mwelekeze duka au kituo cha afya kilicho karibu. Akiwa mbali, mfunze kuchanganya mwenyewe wakati anatafuta: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyofurika, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Apime kwa makini, kwani chumvi ikizidi ni hatari. Ampe mtoto kidogo kidogo, mara kwa mara, na asiache kumnyonyesha. Mtoto anayehara huhitaji pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 ikiwa hajafikisha miezi 6.

Naye asikae nyumbani kungoja akiona dalili hizi: macho ya mtoto yamedidimia, amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, au kinyesi kina damu. Huyo ni wa kupelekwa hospitalini mara moja, iwe mchana au usiku.

Kwako wewe mwenye duka, kazi ya wiki hii ni ndogo. Chagua bidhaa moja ambayo ukiikosa mtu anaweza kudhurika. Andika zinazoombwa kila siku, na waliorudi bila kupata pia. Baada ya siku 40, keti jioni moja na biro na rula, upige vijiti vyako. Utajua kuhusu duka lako jambo ambalo wastani ulikuficha miaka yote.